Kura ya Jino

Ziwa lilikuwa limefungwa. Kila kiangazi siku hizi linapumzishwa ili samaki wazae, na ziwa likipumzika Katonga nayo inasinzia. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa, matumbo juu. Taa za kuvulia zilining'inia majumbani bila kazi, kama matunda yaliyokataa kuiva. Hata harufu ya dagaa ilikuwa imeondoka taratibu, na watu walijikuta wakinusa hewa na kuuliza ni kitu gani kimepungua duniani.

Alfajiri Marcelina alishuka kupima maji. Hakuwa na kipimo ila macho yake na kumbukumbu ya nguzo moja. Nguzo ile aliichimbia mwenyewe, ikawa ya kwanza ya kichanja cha kwanza, wakati wanawake wa Katonga walipokuwa bado wanaanika dagaa mchangani na walaji wakitafuna mchanga. Sasa ilikuwa chini ya maji. Ziwa lilipanda bila ugomvi, mwaka huu hatua, mwaka ujao hatua, kama mgeni anayesogeza kiti kila ukigeuka. Lilichukua mstari wa kwanza wa vichanja, kisha wa pili, kisha jiko la mtu, kisha nyumba ya mtu. Michikichi iliyokuwa mbali na ufuo ilisimama majini hadi kiunoni, kama wanawake wanaofua.

Marcelina alitazama pale ilipozama nguzo yake. Kisha akamgeukia Diana, binti wa kaka yake, aliyekuwa nyuma yake amejitanda khanga kwa baridi.

"Nina nafasi?"

"Shikamoo kwanza, Shangazi."

"Marahaba. Nina nafasi?"

Hilo ndilo swali lililokuwa likimwamsha. Katiba ya umoja wa waanikaji dagaa ilimwita mwenyekiti, lakini siku ya kwanza alipochaguliwa aliinua mkono juu na kuapa kwa sauti, bila kuombwa na mtu, na mwanamke mmoja akapiga kelele, "Rais huyo!" Jina likaganda. Wauza mawese walimwita Rais. Padri alimwita Rais. Wajukuu zake walimwita Bibi Rais, na mdogo wao aliwahi kupigana shuleni akidai bibi yake ndiye anayetajwa kwenye taarifa ya habari. Jina la Marcelina lilibaki kwenye kadi ya ubatizo tu, na kadi yenyewe ilikuwa imeondoka na maji.

Sasa uchaguzi ulikuwa umefika tena, na safari hii haukuwa wa kupigiana vigelegele. Ziwa likifunguliwa, dagaa watahitaji mahali pa kuanikwa. Kulikuwa na kiwanja cha juu, upande wa Bangwe, kikavu, chenye upepo. Rais aliyepo hakutaka kusikia habari zake. Maji yatarudi, alisema. Maji yalikuja kwa miguu yao, yatarudi kwa miguu yao. Akichaguliwa tena, umoja utabaki na kusubiri. Akianguka, umoja utahama, na ufuo alioufanya kuwa ufuo utabaki na michikichi inayofua.

Diana alikuwa amerudi kutoka chuo na stashahada ya maendeleo ya jamii, na kazi ilikuwa haijamwona bado. Shangazi yake akamfanya mpimaji wa uchaguzi. Mchana ule walikaa barazani, ungo katikati yao, na Diana akamimina kokwa za michikichi.

"Hizi ni wanawake wa hapa hapa Katonga," akasema, akizisogeza upande mmoja. "Wanakupenda."

"Nilijua."

"Wanakupenda huku miguu imelowa, Shangazi. Mapenzi ya miguu mibichi si ya kutegemea." Akavuta nusu ya kokwa nyuma. "Hizi ni Gungu. Gungu wana mgombea wao, Happiness."

"Yule mwenye khanga!"

"Kagawa khanga mtaa mzima. Wamezipokea, wamezishona magauni, halafu wamesema khanga haijui kugeuza dagaa juani. Huyo atajitoa kabla ya siku."

Marcelina alicheka hadi akakohoa. "Na Ujiji?"

Diana hakucheka. Alikusanya kokwa nyingi, akazirundika ukingoni, na ungo ukainama. "Ujiji ni Bi Shadia."

"Shadia hajui hata kuhutubia."

"Hahutubii. Akiulizwa atafanya nini, anainua kidole, anaonyesha mlimani. Basi. Watu wanageuza shingo, wanatazama kule, na wakishatazama wameshaona pakavu."

"Shadia nilimfundisha mimi kufunga wavu kwenye kichanja. Alikuwa anafunga fundo kama anafunga mbuzi."

"Ndiyo maana anakuweza," alisema Diana. "Kajifunza kwako."

Marcelina aliinamia ungo. Katikati ya ungo palikuwa na fungu ambalo halikusogezwa popote, na pembeni kabisa palikuwa na kokwa moja kubwa, nyeusi, peke yake.

"Hawa wa katikati ni nani?"

"Wanawake wa asili ya Burundi. Wanakwenda anakokwenda Bibi Fébronie, na Bibi Fébronie hajasema. Hao ndio watakaoamua."

"Na huyu mmoja? Nani tena anagombea?"

Diana aliishika kokwa nyeusi, akaizungusha kati ya vidole, akairudisha. "Huyu ni ziwa, Shangazi. Ukweli ni kwamba unagombea na ziwa. Shadia ni mdhamini wake tu."

Usiku ule Marcelina aliota maji yakiondoka kinyumenyume, yameinamisha kichwa kwa adabu, kama mkwe anayetoka mbele ya wakubwa. Nyuma yao vichanja vilibaki vimesimama vyote, na dagaa juu yake waking'aa, wabichi, wakigeuka wenyewe juani bila mkono wa mtu.

Alipoamka aliamuru kampeni ianze.

Diana alikuwa na imani moja kubwa maishani, nayo ilikuwa Kiswahili. Aliamini neno likikaa mahali pake linaweza kuhamisha jabali. Alikaa na kalamu asubuhi nzima akifuta viunganishi, akifuta mapambo, mpaka akabaki na maneno mawili. Akachukua rangi nyeupe akayaandika kwa herufi kubwa kwenye tumbo la mtumbwi wa marehemu mume wa Marcelina, uliopinduliwa njiani ambako kila mtu hupita: KURA RAIS.

"Mimi nitasema 'Kura!', nyinyi mtajibu 'Rais!'," aliwaambia wanawake sokoni. "Kura!"

"Rais!" waliitika.

"Kura!"

"Rais!" Na safari hii waliitika huku wakicheka. Wanawake wa asili ya Burundi walishikana mabega. Waha nao walicheka chinichini, vitambaa mdomoni, maana Kiha na Kirundi ni mtu na mdogo wake. Mmoja alilazimika kukaa juu ya ndoo yake. Kadiri Diana alivyopaza sauti ndivyo walivyoitika kwa nguvu na ndivyo machozi ya kicheko yalivyowatoka, na Marcelina, ambaye ukoo wake ulivuka ziwa kutoka Ubembe na hakujua Kiha zaidi ya salamu, alisimama katikati yao akipunga mkono. Alikuwa hajapendwa hivyo kwa muda mrefu.

Siku zilizofuata walimkimbilia njiani. "Kura Rais!" walimwambia, wakamshika mkono, wakacheka. Akalala vizuri. Akaanza kuota mchana pia, akiwa macho, akiona mstari wa maji ukishuka kwenye mashina ya michikichi.

Diana ndiye aliyeanza kusikia kicheko kikiwa na mfupa ndani yake.

"Shangazi, hawa hawafurahi. Hawa wanachekeshwa."

"Mtu akicheka amefurahi."

"Mtu akifurahi haweki kitambaa mdomoni."

Wakaenda kwa Bibi Fébronie. Walimkuta uani akimenya muhogo, mwanamke mwembamba, mzee, mwenye macho yasiyoharakishwa na kitu. Alikuja upande huu akiwa msichana, akapewa uraia akiwa bibi, na katikati ya mambo hayo mawili alisubiri bila kupandisha sauti. Walipomsalimia alisogeza vigoda kwa mguu na kuendelea kumenya.

"Bibi," alianza Diana, "watu wanaicheka kampeni yetu. Tunaomba utuambie."

"Kampeni nzuri," alisema Fébronie. "Rangi nyeupe inaonekana."

"Wanacheka nini, basi?"

Bibi Fébronie aliweka kisu chini. Akafungua mdomo, akaonyesha pengo pembeni. "Unaona hapa? Palikuwa na jino. Lilipooza nilikwenda kwa mtaalamu, nikamwambia kwa Kirundi, 'Kura iryinyo.' Unajua nilimwambia nini?"

Diana alikuwa ameshaanza kuelewa. Mikono yake ilipanda polepole mpaka kwenye mashavu.

"Nilimwambia ang'oe," alisema Fébronie. "Kwetu kura ni toa. Ondoa. Ng'oa. Sasa wewe mwanangu unasimama sokoni unatuambia, 'Ng'oa!' Sisi tunajibu, 'Rais!' Na Rais mwenyewe anatupungia mkono."

Kuku alipita katikati yao. Hakuna aliyemfukuza.

"Yesu na Maria," alisema Marcelina.

"Nitaifuta leo," alisema Diana kwa sauti ndogo. "Nitaifuta sasa hivi. Maneno mawili, Shangazi! Maneno mawili tu nimekuandikia, na yote mawili yamekuwa mwiba."

"Neno Rais halina kosa," alisema Fébronie. "Usilionee." Akachukua muhogo mwingine. "Tena usifadhaike. Kura ina mlango mwingine. Mtoto akipiga chafya tunamwambia, 'Kura, mwana wanje.' Kua, mwanangu. Neno moja. Linang'oa na linakuza. Ni kulisikiliza tu limetoka upande gani wa mdomo."

Marcelina alikuwa bado hajainua macho. "Na nyinyi mmelisikia upande gani?"

"Hatujalisikia. Tumecheka tu." Fébronie alimtazama sawasawa. "Sikiliza, Rais. Tulipokuja kwako hatukuwa tunajua hata dagaa anageuzwa lini. Wengine walisema tukaanike huko huko tulikotoka. Wewe ulisogeza wavu wako ukatupa nafasi. Siwezi kukung'oa bila kukuuliza. Siku ya mkutano nitasimama, nitakuuliza kura ni ipi. Utakayosema, sisi sote tutaifuata hiyo."

Walirudi kwa njia ya ufuoni, maji yakiwalamba nyayo. Diana alikuwa akitembea haraka, midomo ikimcheza, akihesabu kokwa kichwani. Ghafla akasimama.

"Shangazi, umeshinda."

"Vipi?"

"Fungu la katikati limekuja kwako. Nusu ya Katonga, na wao wote. Hata Ujiji yote ikisimama na Bi Shadia, ungo unainama kwako. Akikuuliza, unamjibu, 'Kura ya Kiswahili.' Maneno matatu. Imekwisha."

Marcelina alitazama ziwa. Lilikuwa laini, la rangi ya jivu, na milima ya ng'ambo, ya kwao kwa zamani, ilielea juu ya ukungu kama kitu ambacho bado hakijaamuliwa.

"Nina nafasi, kumbe," alisema.

Siku ya mkutano alishuka majini kabla ya jua. Ukungu ulikuwa mzito, umelala juu ya ziwa kama shuka. Alitazama pale alipozoea kutazama. Kitu cheusi, chembamba, kilikuwa kimetokeza juu ya maji. Kichwa cha nguzo. Alifikicha macho. Kilikuwepo. Akasimama akilia bila sauti, mpaka ukungu ukasogea na kukifunika.

Hakumwambia Diana. Alioga, akavaa gauni lake la sherehe, akafunga kilemba.

Wanawake walikusanyika kwenye sakafu ya zege iliyobaki, yule mgombea wa Gungu akiwa amejitoa tangu juzi kama alivyotabiriwa na kukaa nyuma na simu yake. Kila mmoja alikuja na kopo lake la kupimia dagaa, maana ndivyo umoja ule ulivyochagua tangu mwanzo: unakwenda na kopo lako, unaliweka mbele ya unayemtaka, na mbele ya macho ya wote. Kopo halina siri. Kila mmoja alijua kopo la mwenzake kwa mbonyeo wake.

Bi Shadia aliitwa kwanza. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye baibui jeusi. Akasimama. Akainua kidole kuelekea Bangwe. Akakaa. Watu wakageuza shingo, kama Diana alivyosema.

Ndipo Marcelina akasimama.

"Msitazame mlimani," alisema. "Tazameni ziwani."

Wakatazama. Ukungu ulikuwa ukipanda taratibu, ukifungua maji kipande kwa kipande.

"Mmeniambia nimelala, nimeota. Mmesema maji hayarudi. Leo asubuhi nimeiona nguzo yangu. Ile ya kwanza! Imetoa kichwa. Maji yameanza kushuka, wanawake wenzangu, ile pale, iangalieni kwa macho yenu!"

Alinyoosha mkono. Pale alipoonyesha, kweli, palikuwa na kitu cheusi, chembamba, kimesimama juu ya maji matulivu. Wanawake wakanyanyuka. Mmoja akasema, "Lahaula." Hata Bi Shadia alisimama. Kwa muda huo mfupi ufuo wote uliota ndoto moja: vichanja vikiinuka, vikidondosha maji, nyavu zikikauka, jiko la mtu, nyumba ya mtu.

Kisha nguzo ikageuza shingo.

Ikatazama kulia, ikatazama kushoto, ikazama. Ikaibuka mbali zaidi, ikajipapatua, ikaruka chini chini juu ya maji, na kutua kwenye kigogo cha mchikichi. Hapo ikafungua mabawa yote mawili, ikayaanika juani. Alikuwa mnandi.

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza upesi. Hakuna aliyemfuata. Ndege yule alikaa na mabawa yake wazi, akikausha, mahali ambapo kwa miaka walikausha wao.

Marcelina hakushusha mkono mara moja. Aliuacha hewani mpaka ukachoka wenyewe.

Bibi Fébronie akasimama nyuma, kopo lake likiwa tumboni.

"Rais," aliita. "Tulikubaliana nikuulize. Kura ni ipi?"

Diana alikuwa mbele, macho yamemtoka. Ya Kiswahili, midomo yake ilisema bila sauti. Sema ya Kiswahili. Alijua kokwa hazijabadilika. Ndege hakupiga kura. Fébronie alikuwa ametoa neno lake, na wanawake wake walikuwa wameinua makopo, wakisubiri.

Marcelina alimtazama Diana, akatazama makopo, akatazama miguu. Nyayo za wanawake waliokaa ukingoni zilikuwa zimelowa. Zege lilikuwa linaanza kulambwa, hapa na pale, na kila aliyekaa alikuwa amesogea kidogo tangu mkutano uanze, bila kujua kwamba amesogea.

"Ya jino," alisema.

"Shangazi!"

"Ya jino, Bibi Fébronie. Lakini uvute taratibu. Lina mizizi."

Hapo wakacheka, wote, Waha na Warundi na Wabembe na Waswahili wa Ujiji, na wengine walikuwa wanalia katika kicheko hicho hicho. Marcelina aliinama akachukua kopo lake, lile lenye mbonyeo tumboni, akatembea nalo mwenyewe, wa kwanza, akaliweka mbele ya Bi Shadia. Bi Shadia alilipokea kwa mikono miwili kabla halijagusa chini. Nyuma yake makopo mengine yakaanza kuja, yakigongana, yakilia kama mvua ya kwanza juu ya bati.

"Kura, mwana wanje," Fébronie alimwambia Bi Shadia alipofika zamu yake, na Diana, aliyekuwa akifuta macho kwa ncha ya khanga, akalisikia neno limetoka upande wa pili wa mdomo.

Diana hakuufuta mtumbwi. Mvua ndiyo iliyoanza kuufuta baadaye, herufi kwa herufi.

Ziwa lilipofunguliwa walikuwa wameshahamia juu. Udongo wa Bangwe ulikuwa mwekundu na mgumu, na upepo ulipita bila kuomba njia. Bi Shadia alitembea na fimbo akigawa mahali pa vichanja, akiwa haongei, akichora mstari tu. Wanawake walisimama na nguzo zao begani.

Marcelina alikuja mwisho. Alikuwa amevaa gauni la kazi. Kutoka pale ziwa lilionekana lote, pana, jeupe kwa jua, na huwezi kujua kama linapanda au linashuka.

"Nina nafasi?" aliuliza.

Bi Shadia alimtazama. Akainua ile fimbo, akaonyesha kichwa cha mstari wa kwanza, pale upepo unapoingilia.

"Unayo, Marcelina," alisema. "Pale."

Wanawake wawili watatu waligeuka kutafuta nani ameitwa. Marcelina mwenyewe alichelewa kidogo kuitika. Kisha akaitika, akaishusha nguzo begani, na kuanza kuchimba.